Mbona wanamuuliza mgonjwa jina mara tatu?

SWALI: Baba yetu, miaka 67, amepasuliwa ngiri mwezi uliopita. Siku ile watu watatu tofauti walimuuliza jina lake na ngiri iko upande gani, kisha daktari akamchora alama ya kalamu kinenani. Sisi wanawe tulishikwa na hofu. Kwani hawakusoma faili?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Poleni kwa hofu, lakini mlichokiona ni dalili ya hospitali iliyojipanga. Faili linaweza kuwa la mtu mwingine. Wodi ya wanaume haikosi akina Juma wawili. Aliyechoka na zamu ya usiku anaweza kuandika "kushoto" badala ya "kulia". Mgonjwa akishalala kwa nusukaputi hawezi tena kumsahihisha mtu, kwa hiyo anaulizwa akiwa macho. Na anaulizwa "Unaitwa nani?", si "Wewe ndiye Juma?", maana mwenye hofu huitikia ndiyo kwa lolote.

Utaratibu huu unatokana na orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008. Ina vipengele 19 na husomwa kwa sauti mara tatu. Kabla ya dawa ya usingizi huhakikiwa jina, alama, mzio, na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Kama mgonjwa anaweza kupoteza damu zaidi ya mililita 500, damu na njia za kumwekea ziwe tayari.

Kabla kisu hakijagusa ngozi, wote husitisha kazi kidogo na kila mmoja hutaja jina na kazi yake. Wengine huona huko ni kupoteza muda. Lakini muuguzi ambaye sauti yake imeshasikika mara moja hasiti baadaye kumwambia daktari bingwa, "Subiri, glavu yako imetoboka." Hapo pia huulizwa kama antibiotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Kosa la mara kwa mara ni hili: dawa inachomwa wodini saa moja asubuhi, upasuaji unachelewa hadi saa tano, na kisu kinapoanza kazi dawa imeshapungua mwilini. Wodi ilifanya kazi yake na chumba cha upasuaji kikafanya yake, ila hawakuambiana.

Mwisho, kabla mgonjwa hajatolewa, shashi, sindano na vyombo huhesabiwa kwa sauti. Zikifunguliwa shashi 20 zikaonekana 19, inatafutwa hadi ipatikane, hata kwa eksirei.

Orodha ilijaribiwa katika miji 8 duniani, Ifakara ya hapo mkoani kwenu ikiwemo. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Lakini jimbo la Ontario, Kanada, lilipoilazimisha, uchunguzi wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukuona vifo vimepungua kwa kiasi cha kutajika. Kwa maoni yetu, fomu inayojazwa na mtu mmoja pembeni huku wenzake wakiendelea na kazi haimlindi mgonjwa.

SWALI: Upasuaji wa mdogo wangu wa uvimbe kwenye kizazi umeahirishwa mara mbili, naye ameshinda na njaa. Kinachokwamisha ni nini?
Mama Salma, Tanga

JIBU: Kwa uvimbe wa kizazi, Mama Salma, mara nyingi ni damu: sampuli ya kuilinganisha haikufika maabara siku iliyotangulia. Au meza ya upasuaji imechukuliwa na mama anayejifungua kwa dharura, na hilo hatuwezi kulilaumu. Jioni ya kuamkia upasuaji mwulizeni muuguzi wa zamu: wingi wa damu umepimwa? Chupa ngapi zimetengwa? Mdogo wako ni wa ngapi kwenye orodha? Akiwa wa nne, huenda hana haja ya kufunga tangu usiku. Kwa kawaida chakula chepesi huachwa muda wa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi na maji matupu muda wa saa 2 kabla, ila mwenye kauli ya mwisho ni mtaalamu wa dawa ya usingizi. Ombeni aje wodini amwone jioni hiyo hiyo.