Gone with the Wind: kwangu mimi kimeniangusha

Mkuu, umeuliza kama Gone with the Wind, ile riwaya ya Margaret Mitchell ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini na Kusini, kinafaa kusomwa chote au utazame tu filamu ya 1939 yaishe. Mimi nimekimaliza, kurasa elfu na ushee, na kimeniangusha. Si kwamba kimeandikwa vibaya. Margaret Mitchell anajua kusimulia, bwana. Pale Atlanta ilipozingirwa mwaka 1864, Melanie, wifi yake Scarlett, ana uchungu wa kuzaa, na Scarlett, mhusika mkuu, anamkimbilia daktari na kumkuta stesheni, majeruhi wamelazwa juani kwa mamia, daktari habanduki. Usiku ule sikulala mapema. Tuzo ya Pulitzer waliyompa 1937 wala siishangai.

Kinachonikera ni watu aliowaacha pembeni. Georgia, jimbo la Kusini lenye Atlanta, mwaka 1860 ilikuwa na watumwa zaidi ya 460,000 katika watu milioni moja hivi. Vita vimezuka kwa sababu ya utumwa, ila humu watumwa kazi yao kubeba sinia na kuchekesha. Chukua Pork, mtumwa wa ndani wa mzee Gerald O'Hara, baba yake Scarlett. Gerald alimshinda kwenye karata. Bwana wake wa zamani akataka kumnunua tena kwa bei maradufu, Gerald akagoma. Mke wa Pork, Dilcey, na bintiye Prissy ni mali ya jirani, John Wilkes. Gerald anawanunua, Dilcey anakuja kushukuru, halafu tunarudi kwenye habari za karamu ya kesho! Mume shamba hili, mke shamba lile, mtoto ana bei. Mwandishi kayaweka yote hayo mezani mwenyewe, kisha akayapita kama ukarimu wa mzee.

Baada ya vita ndiyo kabisa. Big Sam, aliyekuwa mtumwa wa Tara, shamba la kina O'Hara, kafika Kaskazini, kaonja uhuru, anarudi kumwambia Scarlett uhuru umemchosha, anataka Tara. Haya, katika historia yenyewe, jeshi la Sherman, jenerali wa Kaskazini, lilipotoka Atlanta kwenda Savannah, maelfu ya watumwa waliyahama mashamba wakalifuata. Desemba 1864, kwenye kijito cha Ebenezer, jenerali mmoja wa Sherman aliamuru daraja la maboya liondolewe kabla hawajavuka, na wapanda farasi wa Kusini wako nyuma yao. Wapo waliojitosa majini wakazama. Januari 1865 Sherman akatoa amri familia zilizoachwa huru zigawiwe ardhi ya pwani, hadi ekari 40 kila moja; mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson akairudisha kwa mabwana wa zamani. Mitchell ni mzaliwa wa Atlanta. Badala ya hayo anatuletea kina Frank Kennedy, mume wa pili wa Scarlett, wakitoka usiku na Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu lililowatisha weusi, tuwahurumie.

Ushauri wangu: soma mpaka Scarlett anapofika Tara akitoka Atlanta, kisha amua. Ukiwa na nafasi ya kitabu kimoja tu, tafuta Jubilee cha Margaret Walker, cha 1966. Georgia ileile, vita vilevile, ila Walker ameanzia kwenye maisha ya mama wa bibi yake, aliyezaliwa utumwani.