Re: Polisi Marekani hujinunulia vifaa kwa pesa za wahalifu?

Mkuu, hilo uliloulizia ni kweli, na lina nguvu ya sheria tangu 1984. Polisi wa mji wakikamata mali na kuipitishia serikali kuu, wanaweza kurudishiwa hadi asilimia 80. Fungu hilo hununua redio, magari, fulana za kuzuia risasi, hata mafunzo. Mishahara, kwa kawaida hapana.

Kinachonikera ni kwamba mali yenyewe ndiyo hushtakiwa, hata kama mwenyewe hajahukumiwa. Kuna kesi iliitwa Marekani dhidi ya dola 124,700. Yaani mshtakiwa ni noti! Jamaa alisimamishwa Nebraska kwa mwendo kasi, pesa zikakutwa kwenye kibokisi cha barafu ndani ya gari la kukodi. Mbwa alionyesha dalili ya kunusa dawa, lakini dawa zenyewe hazikuonekana. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikabariki zitaifishwe.

Sasa anayekamata ndiye huyo huyo mlaji, unategemea nini? New Mexico walishtuka 2015: hukumu ya jinai kwanza, na pesa ziende mfuko mkuu wa jimbo, siyo kwa polisi.