Mkarimu na mwenye kujitolea si kitu kimoja

Ndugu, umeuliza kama "mkarimu" na "mwenye kujitolea" vinaweza kubadilishana nafasi kwenye sentensi. Mara nyingi haviwezi.

Mkarimu hutoa alicho nacho. Neno lina asili ya Kiarabu, na limeshikamana sana na mgeni: ndiyo maana tunasema kumkirimu mgeni, na kile anachoandaliwa kinaitwa takrima. Anayekupisha kitandani mwake akalala mkekani, huyo ni mkarimu hasa.

Kujitolea ni kwingine. Litazame kitenzi chenyewe: toa, tolea, jitolea. Hiyo "ji" ndiyo yenye uzito, kwa sababu kinachotolewa sasa ni mtu mwenyewe, yaani muda wake, nguvu zake, usingizi wake. Aliyekesha siku tatu akimuuguza jirani amejitolea, hata kama mfukoni hana kitu. Ukimwita mkarimu tu, umempunja.

Ukizidi hapo kuna kujitoa mhanga. Mhanga ni mnyama wa kafara, kwa hiyo usilitumie kwa mtu aliyechangia harusi! Tena siku hizi habari za mabomu zimelitia doa neno hili, jambo linaloniuma, maana ni neno zuri kwa mzima-moto aliyeingia ndani ya moshi akaokoa mtoto.

Kinyume cha mkarimu unakijua: mchoyo, bahili, au mkono wa birika. Asiyejitolea ni mbinafsi.