Wadogo zangu wa OPD (idara ya wagonjwa wa nje), choya si dawa

Jana nimelisikia tena. Kijana wa mafunzo kwa vitendo, wiki yake ya pili, anamuuliza bibi mwenye kizunguzungu: "Unatumia dawa za kienyeji?" Bibi: "Hapana." Akaandika hapana, mkono ukakimbilia sinarizini, kidonge cha kizunguzungu. Tukae kidogo.

1. Presha ipimwe amelala, kisha amesimama, ndani ya dakika tatu. Ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, una pa kuanzia.

2. Swali la dawa za kienyeji halina majibu. Mwaka wangu wa kwanza nilimuuliza mama mmoja wa presha, akasema hapana, nikaridhika kwa kuwa foleni ilikuwa imefika getini. Nilimpima amekaa tu. Presha nzuri, nikajisifu kimoyomoyo. Nikampa sinarizini, yenyewe inalevya usingizi. Siku nne baadaye karudi, mkono umening'inizwa kwa kanga: alianguka alfajiri akienda chooni. Binti yake kashika chupa ya lita moja na nusu, kimiminika chekundu. "Dokta, anywe kidogo apate nguvu?"

Choya, juisi ya rosela! Chupa nzima kila siku, juu ya vidonge viwili vya presha, maana jirani alimwambia kizunguzungu ni upungufu wa damu na choya inaongeza damu. Hakunidanganya. Kwake ile ni juisi. Nikamsimamisha: 134 ikawa 102. Na choya imeshajaribiwa kwa wagonjwa, inashusha presha kweli, ingawa kwa kiasi. Ya kuongeza damu, wekundu wake si ushahidi, pima damu. Mama wa watu akanishukuru kwa kumpima "vizuri". Ile asante inaniwasha hadi leo.

3. Tangawizi msiidharau, wala msiivishe koti jeupe. Mwaka 1986 watafiti waliwachokoza masikio watu 8 wazima hadi wakasikia kizunguzungu. Walipopewa unga wa tangawizi walisikia kizunguzungu kidogo kuliko walipopewa dawa bandia, lakini macho yaliendelea kuchezacheza vilevile. Watu wanane, tena wazima! Bibi wa foleni hakuwamo.

4. Kizunguzungu kikimshika akijigeuza kitandani, fanya Dix-Hallpike (kumlaza haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa, ukitazama macho), ikithibitika, Epley (kugeuza kichwa hatua kwa hatua ili chembe za sikio zirudi). Hakuna mzizi wa sokoni unaorudisha chembe za sikio mahali pake.

Basi jana nikavuta kiti. "Shikamoo bibi. Asubuhi unaanza na nini?"

"Marahaba mjukuu wangu. Uji tu. Na vijiko viwili vya mlonge."

Kijana akatafuta kifutio.