Jibu: Sijui Kifaransa, je, niende kwenye tamasha la filamu zao?

Ndugu, umeuliza kama kuna maana ya kwenda tamasha la filamu za nchi zinazozungumza Kifaransa ilhali hujui lugha yenyewe. Nenda! Manukuu, yaani tafsiri inayoandikwa chini ya picha, yapo kwa ajili yako, na macho huzoea upesi.

Tena usidhani utasikia Kifaransa tu. Ousmane Sembène wa Senegal alitengeneza Mandabi (1968) kwa Kiwolof pia, na toleo hilo linamfanya hata Mfaransa asome manukuu. Ukiikuta filamu yake nyingine, La Noire de… (1966), kwenye ratiba, usiikose kabisa. Ni ya kama saa moja, nyeusi na nyeupe, kuhusu binti wa Dakar anayefanya kazi za ndani Ufaransa. Kiangalie kile kinyago alichowapa waajiri wake: kimetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe, na upweke wa yule binti unakuingia kabla hujasoma neno.

Za Ulaya, mimi nawapenda mno ndugu wawili waongozaji, akina Dardenne wa Ubelgiji, washindi wa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 1999 na 2005. Wahusika wao hawana maneno mengi, hivyo anayeanza hachoki kusoma.

Wahi kiti cha katikati, kuelekea nyuma kidogo. Ukikaa mbele sana macho yanahangaika kati ya sura na maandishi. Na kabla ya kukata tiketi, waulize waandaaji manukuu ni ya lugha gani, maana hutofautiana filamu kwa filamu.