Je, kuburuta nukta kutaua uthibitisho?
Mwalimu mwenzangu, unahofia kwamba wanafunzi wakizoea kuburuta nukta kwenye GeoGebra, programu ya kompyuta ya kuchora maumbo ya jiometri, hawataona tena haja ya kuthibitisha. Mimi naona kinyume chake. Wape pembenne yoyote, waunganishe nukta za katikati za pande zake, kisha waiburute wapendavyo, hata kona moja ibonyee ndani. Umbo la katikati litabaki msambamba, yaani pande zake zinazokabiliana zitabaki sambamba! Hapo ndipo watakapouliza kwa nini, nawe usiharakishe kujibu. Waambie wachore ulalo mmoja, yaani mstari kutoka kona hadi kona inayoikabili, ili wapate pembetatu mbili: katika kila pembetatu, mstari unaounganisha nukta za katikati ni sambamba na ulalo huo, na ni nusu yake; kwa hiyo mistari hiyo miwili ni sambamba na inalingana. Uthibitisho wauandike kwa mkono, skrini zikiwa zimezimwa. Na tafadhali, wabashiri kabla ya kuburuta.