Majani kwanza, viungo baadaye: ninavyonunua na kuchanganya chai ya masala

Mara ya kwanza kuagiza chai kutoka India nilinunua Darjeeling, kwa kuwa ndilo jina nililokuwa nikilisikia likisifiwa. Ilikuwa gramu 250 tu, na bei yake ingenitosha kununua kilo kadhaa za majani ya hapa Kenya. Nikaichemsha na maziwa, tangawizi, iliki na karafuu, kisha nikampelekea jirani yetu, mama wa Kigujarati ambaye mtaa mzima hapa Mombasa tunamwita Ba. Akapiga mafunda mawili, akaweka kikombe chini. "Binti, karafuu naionja. Chai iko wapi?"

Swali hilo ndilo linaloniongoza hadi leo kila ninaponunua. Chai ya masala husimama kwa majani. Yakiwa dhaifu, hata uweke iliki ya bei gani, utakunywa maziwa yenye viungo.

Darjeeling haikuwa na kosa. Ni chai ya milimani, ya baridi na ukungu, yenye harufu laini inayotaka maji matupu. Ukiipenda, inunue na uinywe bila maziwa, na utazame nembo ya Bodi ya Chai ya India kwenye pakiti, ile ya mwanamke aliyeshika majani mawili na kichipukizi, kwani jina hilo linalindwa kisheria huko tangu 2004. Lakini kwa masala nenda Assam, bonde la mto Brahmaputra, kwenye mchai wa jani pana na ladha nzito inayosikika hata ndani ya maziwa mengi. Muulize muuzaji mwezi wa mchumo. Ninaoutaka mimi ni mchumo wa pili, wa kuanzia katikati ya Mei hadi Juni. Mvua kubwa zikishaingia majani huwa tele na bei hushuka, ila utamu ule wa kama nafaka iliyokaangwa hupungua. Muuzaji asiyejua mwezi wa chai yake, mimi simwagizi.

Halafu uliza daraja. Chai nyingi ya Assam hutengenezwa kwa mtindo wa CTC, jani likasagwa, likachanwa na kusokotwa kuwa punje, kama ilivyo karibu chai yetu yote ya Kenya. Punje kubwa huandikwa BP, ndogo PF, na zilizo laini kabisa ni Dust, yaani vumbi. Vumbi hutoa rangi upesi, na kwa mwenye kibanda cha chai hilo ni jambo kubwa, lakini likichemka muda mrefu na tangawizi hukwaruza ulimi. Nyumbani mimi hutumia BP. Kwa kila sehemu 3 za BP naongeza sehemu 1 ya Assam ya majani marefu, yale yasiyosagwa. Punje zinaleta nguvu na rangi, majani marefu yanaleta harufu. Kabla ya kuchanganya, onja kila moja peke yake: gramu 2 kwa mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, bila sukari. Sukari huficha mengi.

Kwenye viungo sheria yangu ni moja, nayo nisingekubali kuivunja: nunua vizima. Niliwahi kuuziwa masala ya unga, pakiti nzuri, iliyonukia mdalasini na vumbi la kabati. Mafuta yanayobeba harufu huruka mara kiungo kinaposagwa, na iliki ndiyo inayopoteza upesi zaidi. Iliki bora ya India hutoka vilima vya Idukki, Kerala. Pasua punje moja mbele ya muuzaji. Mbegu ziwe nyeusi na zinatanata. Zikiwa kahawia na kavu, iliki hiyo imekaa sana. Karafuu huna haja ya kuagiza mbali, maana Wahindi wenyewe hununua za Zanzibar. Zitumbukize kwenye maji: nzuri huzama, zilizokwisha kukamuliwa mafuta huelea. Pilipili manga nayo huzama, lakini mbegu za papai zilizochanganywa humo hubaki juu.

Mchanganyiko wangu ni tangawizi kavu gramu 60, iliki 50 pamoja na maganda, pilipili manga 20, mdalasini 20, karafuu 8 na nusu ya kungumanga. Karafuu ilikuwa 20 zamani. Ba ndiye aliyeniambia niipunguze, nami nimeipunguza mara tatu tangu hapo, kwani karafuu ikizidi kidogo tu humeza kila kitu. Pasha vyote, isipokuwa kungumanga, kwenye kikaango chenye moto mdogo mpaka viwe vikavu vya kuvunjika, usingoje vibadilike rangi. Viache vipoe kabisa ndipo usage. Nusu kijiko cha chai kinatosha vikombe vinne.

Ukitumia tangawizi mbichi, ichemshe kwanza kwenye maji kwa dakika tano, tia majani, na maziwa yaje mwisho. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na moto ndio unaokiua. Sufuria ngapi za maziwa zimemwagwa na maziwa yakasingiziwa ubovu!

Majani na masala yakae kwenye makopo mawili tofauti, mbali na jiko, kwa sababu majani ya chai hunyonya harufu ya jirani yake. Nayachanganya ndani ya sufuria tu, na hilo huniwezesha kumpikia kila mtu chake. Cha Ba nakizidishia pilipili manga na kupunguza iliki, maana hivyo ndivyo walivyokunywa kwao Jamnagar.